Siagi ya Scolastica

Scolastica alikuwa ameshavuka korongo, furushi kichwani na kuku kwapani, na mumewe bado anapiga honi.

Nicodemo alikaa ndani ya gari lake uani, vioo vimeshushwa, anabonyeza honi kama kondakta aliyeachwa na abiria wote. Angeweza kumfuata, lakini betri ilikuwa na nguvu ya honi tu, ya kuwasha injini haikuwa nayo. Kushuka na kumkimbilia kwa miguu nako hakutaka, maana majirani wa Gitting walishatoka kutazama, na mtu mwenye gari hakimbii. Basi akapiga honi. Mkewe akafika mgongo wa kilima, akasimama, akamhamishia kuku kwapa la pili, akaendelea kushuka kuelekea Katesh bila kugeuza hata shingo.

"Ukimaliza kumpigia tarumbeta mke wako," mama yake, Efrazia, akamwambia kutoka mlangoni, "njoo ukamue hiyo gari. Watu wanataka maziwa ya chai."

Ndipo penyewe hapo. Maziwa yalikuwa yakitoka kwa ng'ombe aitwaye Madoa, na Madoa ndiye aliyegeuka gari.

Ng'ombe huyo Scolastica alipewa na baba yake, mzee Gidamis, mfugaji wa kule chini uwandani karibu na ziwa la magadi, siku alipomzaa binti yake Irene. Ng'ombe wa namna hiyo ni wa mwanamke. Mume anamchunga, anamkatia majani, anajisifu naye kilabuni, lakini hamwuzi. Hata mlevi wa Gitting analijua hilo, na Nicodemo hakuwa mlevi kiasi hicho. Ila mwaka ule vitunguu saumu vilikuwa vimelipa, malori yanavifuata mpaka shambani, na nchi ilikuwa imefunguliwa milango, kila kitu ambacho watu wa ng'ambo wamekichoka kinaingia: suruali zao, redio zao, magari yao. Tena Manyara ilikuwa imetangazwa mkoa juzi juzi tu, na watu wa Hanang wakaanza kutembea vifua mbele kana kwamba mkoa unaliwa na mboga. Nicodemo akaona mtu wa mkoa hawezi kwenda kanisani kwa miguu. Fedha ya vitunguu ikafika kwenye magurudumu ya Korola moja nyeupe ikakomea hapo. Madoa akamalizia bodi.

Kwa mkewe alisema amempeleka Madoa Nambis, kwa ndugu, akapandwe na dume la huko.

"Mbona hilo dume halimalizi?" Scolastica aliuliza baada ya muda.

"Ni dume la heshima," Nicodemo akajibu. "Halina pupa."

Uongo huo ungedumu, kama mzee Gidamis asingekuwa mnadani Katesh siku ile ile dalali alipomwuza Madoa. Aliona sikio la Madoa. Alama ile aliikata yeye mwenyewe kwa kisu chake. Hakupiga kelele, hakuuliza mwuzaji ni nani. Alimnunua, akamswaga kwenda kwake, kisha, mchuuzi wa chumvi alipopita baada ya wiki kadhaa, akatuma naye ujumbe Gitting: "Mwambie binti yangu ng'ombe wake amefika salama, na anamsalimia."

Scolastica alimsikiliza mchuuzi mpaka mwisho, akampa chai ya rangi, akaanza kufunga furushi.

*

Kwa desturi, mke akirudi kwao, mume haendi mwenyewe kumdai kama mtu aliyesahau koti. Anakwenda na msemaji, na msemaji ndiye anayesema. Mume anakaa kimya, anatazama chini, anajifanya ana haya. Msemaji wa Nicodemo alikuwa baba yake mdogo, Baltazar, yule yule aliyeposa. Mzee huyo alipenda kusema kuliko kula, na kula alikupenda.

"Tutakwenda Jumamosi," Baltazar akasema, akilizunguka gari. "Lakini siyo na kitu hiki kikiwa hivi, mwanangu. Linafanana na nguruwe wa parokia."

Kweli lilikuwa chafu. Matope ya Gitting yalikuwa yamepanda mpaka vioo. Maandishi ya Kijapani kwenye mlango wa nyuma, ambayo katekista alishauri yabanduliwe kwa sababu huenda ni maombi ya mizimu, hayakuonekana tena.

Nicodemo akalitazama, na wazo likamjia, akalipenda kwa sababu lilikuwa lake. "Baba mdogo, mzee ana hasira kwa sababu hajaona ng'ombe wake amegeuka kitu gani. Akiliona linang'aa, ataelewa. Na Scolastica akikaa siti ya mbele mbele ya ndugu zake, si ataringa?"

"Lisipong'aa?"

"Lisipong'aa sina mke."

Akashuka Katesh juu ya lori la viazi, mpaka mtaa wa Jorodom, kwenye duka la vipuri la Wolfgang. Huyu alikuwa mtu mwembamba aliyewahi kuosha magari Arusha, na aliyesema "rangi ya gari" kwa sauti ambayo wengine wanasemea "marehemu baba".

"Habari za Gitting, baba Irene?"

"Nzuri."

"Mama Irene nilimwona anapita hapa na kuku."

"Amekwenda kusalimia kwao."

"Na furushi lile?"

"Amekwenda kusalimia sana. Wolfgang, nataka vifaa vya kuoshea gari nyumbani. Vya mtu anayeanza."

"Sasa hivi unaoshea nini?"

"Sabuni ya unga na stilwaya."

Wolfgang akafumba macho. "Stilwaya kwenye rangi?"

"Kwenye matope. Rangi ilikuwa chini yake, ikatoka yenyewe."

Wolfgang akaanza kupanga vitu kaunta. Sponji nene, laini kama mkate. Chupa ya shampuu ya gari. "Hii haili rangi kama sabuni ya nguo." Brashi ngumu. "Hii ni ya matairi na rimu. Matairi na rimu, umenisikia? Mlango haiujui." Kitambaa cha kukaushia. Kisha ndoo, na juu yake ndoo nyingine.

"Gari ni moja," Nicodemo akasema.

"Ndoo ni mbili. Hii ya shampuu, hii ya maji matupu. Sponji likishapita kwenye bodi lina mchanga. Unalisuuza kwenye maji matupu kwanza, ndipo unalirudisha kwenye shampuu. Usipofanya hivyo unalichora gari kwa mchanga wako mwenyewe. Na unaanzia juu, kwenye paa, unateremka. Chini ndiko kwenye uchafu mbaya, unakuja mwisho. Na kivulini, siyo juani."

"Sisi tumezaliwa sita, wote tulioga ndoo moja."

"Ndiyo maana mko hivyo mlivyo."

Mwisho Wolfgang akaleta kopo bapa, akalifungua kwa heshima zote. Ndani kulikuwa na kitu cha manjano, kizito, kinang'aa. Nicodemo akakichovya kidole, akanusa.

"Hii ni siagi iliyowaharibikia Wajapani."

"Ni nta. Ukishaosha na kukausha unapaka kidogo, unafuta mpaka mkono ulalamike. Vumbi halishiki, maji yanateleza, gari linang'aa."

"Siagi hii."

"Nta!"

"Wolfgang, ndugu yangu, utamfundisha Mmbulu kupaka kitu mafuta?" Nicodemo akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke. "Mtoto akizaliwa tunapaka. Bibi harusi tunapaka. Fahali tunampaka kwenye paji la uso. Umewahi kuona bibi harusi wetu hang'ai?"

"Bibi harusi haendi uwandani kwa spidi ya sitini."

Lakini Nicodemo alikwisha kuamua. Akachukua ndoo moja, sponji, shampuu, brashi na kitambaa. Ndoo ya pili akairudisha, na kopo akalisukuma kwa kidole.

"Umeacha vitu viwili vyenye akili," Wolfgang akamwambia.

"Akili ninayo nyumbani. Iko kwenye kibuyu."

*

Ijumaa aliosha. Alianza na matairi, kwa hoja kwamba mchafu zaidi ndiye anayeoga kwanza, na brashi ikafanya kazi nzuri hata akaona si haki kuinyima milango. Ndoo moja ikageuka uji wa ulezi, akaendelea kuchovya humo humo. Shampuu ilitoa povu zuri mno, na kila alipofuta povu, mlango ulikuwa umechorwa mistari kama kiwanja cha kuku.

Efrazia alikaa kwenye kigoda akichambua maharage. "Rangi nayo ilikukosea nini?"

"Mistari itazibwa, mama."

Akaingia ndani, akarudi na kibuyu kilichokuwa kinaning'inia juu ya mafiga.

Mama akaacha maharage. "Nicodemo. Hicho ni cha Scolastica."

"Najua."

"Hiyo ni siagi ya komunyo ya Irene." Na kila mtu nyumbani mle alijua mpango huo: mtoto, ambaye wakati huo alikuwa bwenini kwa masista, apakwe kwanza siagi kama bibi zake walivyopakwa, halafu ndipo akampokee Yesu aking'aa. Scolastica alikuwa ameikusanya kidogo kidogo tangu Madoa akiwa bado nyumbani. Hakukuwa na nyingine, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa hakukuwa na ng'ombe wa kuleta nyingine.

"Namrudishia mwenyewe," Nicodemo akasema, akifungua kizibo. "Tofauti ni kwamba itakwenda juu ya gari badala ya ndani ya kibuyu."

"Mwanangu," Efrazia akasema taratibu, "baba yako alikuwa mjinga, lakini alikuwa anapumzika."

Akapaka. Paa, boneti, milango, buti. Vioo navyo akavipaka, maana vilionekana vimebaguliwa. Na lazima isemwe, liling'aa. Liling'aa mpaka jogoo akajiona mlangoni, akamrukia yule jogoo mwingine kwa makucha yote mawili, akaongeza mistari yake. Nicodemo akasimama mikono kiunoni, akalisikia kabisa kichwani mwake neno ambalo Scolastica angesema. Neno lenyewe lilikuwa "Kumbe!"

*

Asubuhi ya Jumamosi betri ilikuwa ile ile, kwa hiyo majirani wakaitwa kusukuma. Wakaweka mikono kwenye buti, wakajikaza, mikono ikateleza, wawili wakalala kifudifudi matopeni. Wakajaribu tena kwa mabega. Gari likatoka likiwa na wanaume wa Gitting nyuma yake waliopakwa kama mabwana harusi, likashika mteremko, likawaka.

Mpaka Katesh lilikuwa bado gari. Wolfgang alisimama mlangoni kwake akaliona linapita, akavua kofia, kama mtu anavyovua kwa jeneza.

Baada ya Katesh wakaacha barabara kubwa, wakaingia uwandani, na vumbi la uwandani likawapokea. Vumbi lile kwa kawaida linakuja, linapita, lina shughuli zake. Siku hiyo lilikuja likakaa. Lori moja la magadi liliwapita, na walipotoka kwenye wingu lake boneti ilikuwa ya kahawia. Nicodemo akawasha waipa. Waipa zikachukua siagi na vumbi, zikapiga lipu kioo kizima.

"Sioni, baba mdogo!"

"Nani anaona?"

"Toa kichwa nje unielekeze!"

Baltazar, aliyevaa koti lake la kuposea, akatoa kichwa. "Kulia! Siyo huko, kulia ya kulia! Mbuzi! Umemkosa, Mungu ni mwema. Sasa funga breki, mwanangu, funga, hilo ni boma la mtu!"

Lilikuwa boma la mzee Gidamis. Jua lilikwisha kupanda, siagi ikaanza kuyeyuka na kunuka, na nzi wa bonde zima wakaarifiana. Wakashuka. Baltazar alikuwa na rangi moja kuanzia nywele hadi viatu, macho tu ndiyo yalibaki ya kwake. Gari lilikuwa na manyoya. Kwa mbali mtu angedhani ni mnyama mkubwa aliyekuja kufia hapo.

"Shikamoo, mzee," wakasema wote wawili.

"Marahaba." Mzee Gidamis alisimama na fimbo yake, shuka begani. Hakucheka. Akalizunguka gari, akaligusa kwa ncha ya fimbo. "Hiki ndicho Madoa?"

"Ndicho, mzee wangu," Baltazar akajibu, akitema vumbi.

"Kinakula nini?"

"Petroli."

"Kinazaa?"

"Hakizai, mzee. Lakini kina redio."

Ndama walikuwa wamefunguliwa kwenda kunywa maji. Wa kwanza akapita, akanusa, akarudi. Akatoa ulimi, akaramba taa. Wengine wakamfuata, na nyuma yao wakaja wakubwa, na kati ya wakubwa akaja ng'ombe mweupe mwenye madoa meusi na sikio lenye alama. Madoa akawasukuma ndama kwa pembe, akachagua mlango wa dereva, akaanza kuramba, taratibu, kama mwenye haki. Ulimi wake ulipopita, rangi nyeupe ilitokeza, na mistari yote ya brashi.

"Nani aliyekipaka?" mzee Gidamis akauliza. "Na siagi ya wapi?"

Baltazar akakohoa, akajiweka sawa. "Mzee wangu, siagi, kama tujuavyo, tangu enzi za mababu zetu, wenu na wetu, walipokuwa bado wanaibiana ng'ombe kwa upendo..."

Fimbo ikainuka kidogo.

Ilikuwa zamu ya Nicodemo kutazama chini. Desturi ilimruhusu, tena ilimtaka. Lakini kila alipotazama chini aliona kwato za Madoa, na akapandisha macho akaona ule ulimi.

"Ya Scolastica," akasema. "Ya kibuyu cha juu ya mafiga. Ya huyo anayeiramba."

Scolastica akatoka nyumbani kwa mama yake, alikokuwa anasikiliza muda wote. "Ya komunyo ya Irene?"

"Hiyo hiyo."

Akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Alicheka mpaka akaegemea gari kujizuia, mkono ukateleza, ukarudi na kiganja cha udongo. Akautazama, kicheko kikaisha.

"Nisikilize, baba Irene. Ungeniambia umemwuza, tungegombana, ningekupiga na mwiko, yangekwisha. Uliniambia yuko kwa dume. Mimi nilikuwa napiga magoti kila jioni naombea ng'ombe huyu ashike mimba. Rozari nzima. Nimemsumbua Mama Maria kwa ng'ombe ambaye alikwisha kuuzwa!"

Nicodemo akafukuza nzi. Baltazar akapangusa koti lake la kuposea.

"Sirudi kulala pembeni ya kitu hiki," Scolastica akasema. "Madoa akirudi Gitting, nitatembea nyuma yake. Akibaki, nimebaki. Mwulize mwenyewe mali."

"Madoa ni wangu," mzee Gidamis akasema. "Nimemnunua mbele ya watu."

Nicodemo akaligeukia gari. Alilipenda, tusidanganyane. Alipenda harufu ya siti zake, alipenda taa ndogo inayowaka juu ukifungua mlango, alipenda vile paroko alivyokuwa anatazama pembeni anapolipita na baiskeli yake. Akaiona njia yote ya kupanda Gitting kwa miguu, na majirani wakiwa wametoka tena. Akachomoa ufunguo.

"Chukua hiki, mzee. Nipe huyo."

"Nikifanyie nini?"

"Sijui. Hata mimi sikujua."

Mzee akafungua mlango, akaingia, akakaa. Akabonyeza siti kwa viganja. Akafunga mlango, akaufungua.

"Kina kivuli," akasema mwisho.

"Basi kioshe kwanza," Scolastica akamwambia mumewe. "Kwetu mtu hampi baba yangu kitu kichafu."

Nicodemo akatoa butini ndoo yake, sponji na ile shampuu iliyobaki. Akasimama nayo kidogo, kisha akaomba ndoo ya pili. Wakampa. Akaomba maji ya moto, kwa ajili ya siagi. Akalisukuma gari na Baltazar mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa boma, akaanzia kwenye paa, akateremka, na kila mara alisuuza sponji kwenye maji matupu kabla ya kulirudisha kwenye shampuu, na matairi akayaweka mwisho. Mkewe alimmiminia maji bila kusema naye. Chini ya ndoo ya pili mchanga ulijaa kiganja kizima. Maji ya huko yana chumvi, kwa hiyo lilipokauka lilibaki na michirizi myeupe, lakini lilikuwa safi.

Wakaondoka mchana, Madoa mbele, Scolastica nyuma yake, Nicodemo nyuma ya Scolastica na ndoo kichwani, Baltazar nyuma ya wote akilalamikia koti.

*

Scolastica hakuzungumza na mumewe mpaka wakavuka korongo la Gitting, na hapo alimwambia afungue zizi. Irene alipokea komunyo akiwa amepakwa siagi mpya. Sasa ni mwalimu Singida, ameolewa. Madoa alizaa mara mbili, akafa kwa ugonjwa wa kupe.

Mzee Gidamis alilala mchana ndani ya gari kwa miaka mingi, redio ikiwaka mpaka betri ilipokufa. Yeye mwenyewe alifariki baadaye, kwa uzee. Gari bado lipo, halina milango, kuku wanatagia siti ya nyuma. Baltazar aligombea udiwani akashindwa, akagombea tena akashindwa. Efrazia alifariki mwaka ambao lami ilifika Katesh. Duka la Wolfgang lilikwenda na matope ya mlima Hanang, Desemba 2023. Yeye siku hiyo alikuwa Babati. Amefungua dogo zaidi.

Nicodemo hakununua gari jingine. Anaosha pikipiki za vijana uani kwake, ana ndoo mbili na kopo la nta. Scolastica ana ng'ombe wake. Alama za masikio amezikata mwenyewe.